Mchumia Juani: Historia ya Bustani za Nyumbani katika Nchi Isiyo na Mvua

Wengi walilisikia jina la Lusail kwa mara ya kwanza tarehe 18 Desemba 2022, usiku ule Argentina ilipoishinda Ufaransa kwa mikwaju ya penalti na kutwaa Kombe la Dunia. Uwanja, taa na fataki ndivyo vilivyobaki machoni mwa watu. Lakini jina hilo ni la zamani kuliko uwanja, na wala halihusiani na mpira. Inaelezwa kwamba limetokana na al-wasail, mmea adimu uliokuwa ukiota katika kipande hicho cha pwani, kaskazini mwa Doha, mji mkuu wa Qatar. Yaani kabla ya kuwa mji wa vioo na barabara pana, Lusail ilijulikana kwa kitu kilichoota ardhini mwake.

Hapo ndipo alipoishi katika miaka yake ya mwisho Sheikh Jassim bin Mohammed Al Thani, anayehesabiwa kuwa mwasisi wa Qatar. Alifariki tarehe 17 Julai 1913 na kuzikwa hapohapo. Kwa miongo mingi baadaye palibaki mchanga, kaburi na magofu ya ngome, hadi miaka ya 2000 ulipobuniwa mji mpya wa kilomita za mraba 38.

Leo, katika nyua na roshani za mji huo, kama ilivyo kwingineko Doha, zipo familia zinazopanda nanaa, nyanya, pilipili na mboga za majani. Ni starehe ndogo, tena ya kawaida, ambayo mkazi wa Tanga au Kampala hata asingeiita starehe. Lakini katika nchi isiyo na mto hata mmoja, kila jani linaloota uani lina historia ya maji nyuma yake. Na historia ya maji ya Ghuba ni historia ya watu walioyavuta, ambao wengi wao walitoka upande wetu wa Bahari ya Hindi.

Raudha na nyota ya Suheli

Kisiwa cha Unguja hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka. Doha hupata takribani milimita 75, nazo huweza kunyesha zote kwa siku chache za majira ya baridi, kisha mbingu zikafunga hadi mwaka unaofuata. Katika miezi ya Juni hadi Agosti joto hupita nyuzi 45, na upepo mkavu wa kaskazini-magharibi hupeperusha vumbi juu ya ardhi ya chokaa na chumvi.

Hata hivyo bustani zilikuwepo. Wenyeji walitambua tangu kale kwamba maji ya mvua, hata yakiwa machache, hutiririka kuelekea mabondeni, yakibeba udongo laini na kuuweka hapo. Mabonde hayo madogo huitwa rawda, na ramani ya Qatar imejaa majina ya vijiji na vitongoji vinavyoanza na neno hilo. Mswahili halioni geni, kwani ndilo raudha, neno analolitumia kwa bustani za peponi na kwa sehemu ile tukufu ndani ya msikiti wa Mtume mjini Madina. Katika Kiarabu cha jangwani, raudha ni mahali hasa, unapoweza kuchimba kisima na kupanda mtende ukapata matumaini.

Majira ya kupanda nayo yalisomwa angani. Mwishoni mwa Agosti, kabla ya alfajiri, huonekana upande wa kusini nyota ya Suhail, na watu wa Ghuba huichukua kuwa habari njema kwamba makali ya joto yanaanza kuvunjika. Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua nyota hiyohiyo, wakaliita suheli jina la upande wa kusini wenyewe. Nyota iliyomwongoza nahodha baharini ndiyo iliyomwambia mkulima wa Ghuba atayarishe vitalu vyake, kwani msimu wake huanza Septemba na Oktoba, wakati wa joto kupungua, na kumalizika Aprili au Mei.

Bustani iliyokamilika ilikuwa kama nyumba ya ghorofa tatu. Juu kabisa yalikuwa makuti ya mitende, yaliyokata ukali wa jua. Chini yake ilisimama mindimu na mikomamanga. Na chini ya hiyo, katika kivuli cha vivuli viwili, paliota mboga na majani ya kulisha mifugo. Ukiuondoa mtende, ghorofa zote mbili za chini zinaungua. Ndiyo maana katika nchi hizi mtende ulipewa heshima ambayo katika visiwa vyetu hupewa mnazi.

Kazi ya mtende ni ya mikono toka mwanzo hadi mwisho. Mitende ni midume na mijike, na mkulima hausubiri upepo uifungishe ndoa. Mwishoni mwa majira ya baridi hupanda juu ya mtende dume, hukata karara yake, kisha hupanda kila mtende jike na kuingiza vijiti vya maua ya dume katikati ya vishada vyake. Asipofanya hivyo, mavuno huwa haba na duni. Baadaye hupanda tena kupunguza matunda, hupanda tena kuvifunga vishada vizito, na hatimaye hupanda kuvuna katika miezi ya joto kali kuliko yote.

Harufu ya uani

Mbali na mashamba hayo ya mitende, palikuwa na bustani ndogo zaidi, ile ya nyumbani. Nyumba ya kale ya Ghuba ilijengwa kuzunguka ua, uliofunguka juu na kufungwa pande zote kwa kuta nene. Ua huo ulikuwa jiko, sebule ya wanawake, na mahali pa kulala usiku wa joto. Na penye kisima au mtungi wa maji uani, palikuwa na mmea.

Mti uliopendwa zaidi uani ulikuwa sidra, ndugu wa mkunazi wetu, uliotajwa katika Kurani. Sidra huvumilia kiu na chumvi, hutoa kivuli kizito, na majani yake yaliyotwangwa yalitumiwa kuoshea nywele na kuoshea maiti. Chini yake wanawake walipanda mashmum, yaani mrehani, na aina ya asmini inayofunguka jioni. Maua na majani hayo hayakuwa ya chungu. Yalichumwa yakafungwa na kuvaliwa katika nywele siku za furaha.

Msikilizaji wa Mombasa, Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Huko nako rihani na asmini hukutana katika kikuba, na mwanamke wa pwani huchagua ua kwa pua kabla ya kulichagua kwa macho. Pwani hizi mbili zilibadilishana tende, boriti, vitambaa na maneno. Zilibadilishana pia ladha ya nini kipandwe karibu na mlango. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni na baadaye akajulikana kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi michungwa mikubwa ilivyojipanga mbele ya nyumba za kuogea, na jinsi watoto walivyojificha katika matawi yake wakimkimbia mwalimu. Ni picha ya kupendeza. Lakini kasri la Mtoni, kama mashamba ya mikarafuu yaliyolilisha, lilisimama juu ya mabega ya watumwa, na picha ya bustani isiyomwonyesha aliyeimwagilia ni nusu ya picha.

Nani aliyeyavuta maji?

Hapa ndipo historia ya bustani za Ghuba inapoacha kuwa habari ya maua.

Katika pwani ya Batina nchini Oman, ambako mitende iliota kwa maelfu, maji yalitolewa visimani kwa njia iliyodumu karne nyingi. Ndoo kubwa ya ngozi ilifungwa kwenye kamba, kamba ikapitishwa juu ya kapi la mbao, na upande wa pili akafungwa ng'ombe. Mnyama huyo alishuka mteremko uliochimbwa makusudi, ndoo ikapanda. Akarudi nyuma, ndoo ikashuka. Aliyemwongoza alitembea naye, kwenda na kurudi katika njia ileile ya hatua chache, saa baada ya saa. Mtende mmoja tu hunywa maji mengi, na shamba lina mitende mingi.

Katika karne ya 19 biashara ya tende ilivuka mipaka ya eneo hilo. Tende za Oman aina ya fardh zilipata wanunuzi wengi nchini Marekani, na meli zilizobeba mavuno mapya zilishindana kufika New York kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Wakati huohuo lulu za Ghuba zilitafutwa na matajiri wa Ulaya na Marekani. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2015, ameonyesha kwamba mahitaji hayo mawili ya masoko ya mbali, tende na lulu, ndiyo yaliyosukuma uingizaji wa watumwa kutoka Afrika Mashariki kwenda Ghuba hata baada ya dunia kuanza kujisifu kwamba utumwa unakwisha.

Walikamatwa bara, wakapitishwa Kilwa na Unguja au bandari nyingine ndogo, wakasafirishwa kwa majahazi yaliyofuata pepo za kusi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Uingereza ilimlazimisha Sultani Barghash kuutia saini, na mahali pake likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Mtaa huo unaitwa hadi leo Mkunazini. Mti uliopendwa katika nyua za Ghuba na mti uliolipa jina soko lile ni ndugu wa jamii moja.

Kufungwa kwa soko hakukukomesha safari za siri. Mwanzoni mwa karne ya 20, makadirio yaliyokusanywa na maofisa wa Uingereza yalionyesha kuwa nchini Qatar, yenye watu wapatao 27,000 wakati huo, zaidi ya mtu 1 kati ya kila 5 alikuwa wa asili ya Kiafrika, wengine huru na wengi watumwa. Huko Qatar, ambako mitende ilikuwa michache, wengi walipelekwa kuzamia lulu. Huko Batina wengi waliongoza ng'ombe visimani, wakapanda mitende, wakachimba mifereji.

Sauti zao hazikupotea zote. Baadhi yao waliokimbilia ofisi za wawakilishi wa Uingereza katika miji ya Ghuba kuomba hati ya uhuru waliandikiwa maelezo mafupi: alizaliwa wapi, alichukuliwa akiwa na umri gani, aliuzwa kwa nani, alifanya kazi gani. Nyaraka za aina hiyo sasa zinaweza kusomwa na yeyote katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Maktaba ya Uingereza. Na ngoma ya lewa, inayochezwa hadi leo katika nchi za Ghuba, bado ina maneno ya Kiswahili ambayo wengine wanaoyaimba hawajui tena maana yake.

Utumwa ulipigwa marufuku rasmi nchini Qatar mwaka 1952. Waliolipwa fidia ni wamiliki. Mwaka 2015, katika mtaa wa Msheireb mjini Doha, nyumba iliyokuwa ya mfanyabiashara wa watumwa ilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho linaloitwa Bin Jelmood, linaloieleza historia hiyo bila kuificha. Si nchi nyingi za eneo hilo zilizothubutu kufanya hivyo.

Maji ya bahari, chakula cha malori

Kufikia wakati huo, bustani zenyewe zilikuwa zimebadilika. Soko la lulu lilianguka kuanzia mwaka 1929, pale mdororo wa uchumi wa dunia ulipokutana na lulu za kufugwa za Japani. Soko la tende la Marekani nalo lilikauka baada ya machipukizi ya mitende ya Ghuba kupelekwa California na kustawi huko. Yakaja mafuta. Qatar ilisafirisha shehena yake ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1949, na miaka michache baadaye ikajenga mtambo wake wa kwanza wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo, mtu aliweza kufungua bomba uani bila ya kuuliza ni nani aliyeyavuta maji. Ulikuwa ukombozi mkubwa, na hapana shaka juu ya hilo. Lakini ukombozi huo ulikuja na usahaulifu wake. Visima vya mashamba vilifungwa pampu za injini, vikanyonywa kuliko mvua ilivyoweza kuvirudishia, hata maji yake yakazidi kuwa ya chumvi. Nyumba za ua ziliachwa na watu wakahamia majumba mapya yenye nyasi na maua ya mapambo. Chakula kikaagizwa kutoka nje. Kilikuja kwa meli na ndege, na kingi kikaja kwa malori kupitia mpaka mmoja tu wa nchi kavu, ule wa Saudi Arabia.

Juni 2017

Tarehe 5 Juni 2017, katikati ya mwezi wa Ramadhani, Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar, na mpaka ule ukafungwa. Ilikadiriwa kwamba takribani asilimia 40 ya chakula cha nchi kilikuwa kikipita hapo. Katika saa chache rafu za maduka makubwa ya Doha zilianza kubaki tupu. Watu walibeba maziwa, kuku na mchele kwa mikokoteni miwili miwili, raia na wageni bega kwa bega.

Uturuki na Iran zilituma vyakula kwa ndege na meli. Mwezi uliofuata ng'ombe wa maziwa wakaanza kuwasili kwa ndege, jambo lililochekesha dunia lakini halikuwachekesha wenye watoto. Mashamba yaliyokuwa yamelala yakaamshwa, na nyumba za vioo na za plastiki zikaongezwa ili mboga zipatikane hata nje ya msimu. Masoko ya msimu ya wakulima, ambayo tayari yalikuwepo Al Mazrouah, Al Wakra na Al Khor, yakapata wateja wapya waliogundua kwamba nyanya ya karibu ina harufu.

Uhusiano ulirejeshwa Januari 2021 katika mkutano wa Al-Ula, na malori yakarudi. Lakini kuanzia 2017, swali la nini kinaota uani halikuwa tena la mapambo peke yake. Karibu miaka mitatu baada ya mkutano ule, kuanzia tarehe 2 Oktoba 2023 hadi tarehe 28 Machi 2024, Doha ikaandaa maonyesho ya kimataifa ya kilimo cha bustani, ya kwanza ya daraja hilo katika Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Yalibeba wito wa kulifanya jangwa kuwa la kijani.

Kutoka mbegu hadi sahani

Anayeanzisha bustani nyumbani Lusail leo hupambana na maadui walewale wa zamani: chumvi, jua na upepo. Udongo wa asili hapo ni mchanga wenye chokaa na chumvi ya bahari, kwa hiyo wengi hawapandi ardhini. Hutumia vyungu, makasha ya mbao au ndoo zilizotobolewa chini, wakazijaza udongo ulionunuliwa na kuchanganywa na mbolea ya samadi au mboji. Matundu ya chini si jambo la kupuuzwa. Yasipokuwepo, chumvi hujikusanya kwenye mizizi na mmea hufa huku mwenyewe akidhani umekosa maji.

Kisha hutafutwa kivuli. Mtende wa zamani sasa nafasi yake imechukuliwa na wavu wa kivuli, au ukuta wa upande wa magharibi unaozuia jua la alasiri. Maji hutolewa alfajiri au baada ya magharibi, polepole, hadi yachuruzike chini. Mchana hayana faida kubwa, kwani mengi huruka angani. Katika miji mingi ya Ghuba wako wanaokinga hata maji yanayodondoka kwenye mitambo ya kupooza hewa, wakayamwagia maua. Na serikali yenyewe humwagilia bustani za umma kwa maji taka yaliyosafishwa, kwa sababu maji ya kunywa, ambayo karibu yote hutoka baharini, hugharimu nishati nyingi kuyapata.

Mbegu huwekwa Septemba au Oktoba. Jirjiri, kotimiri na nanaa huwahi kuliko vyote. Wiki tano au sita baadaye mtu huweza kuchuma majani kwa ajili ya chakula cha jioni, naye akikata bila kung'oa, hukata tena. Nyanya, biringanya na pilipili huhitaji subira ya miezi miwili hadi mitatu. Desemba na Januari ndio wakati wa neema, usiku ni wa baridi na mchana ni wa jua tulivu, na watu hunywa chai nje kando ya mimea yao. Kufikia Mei vingi huwa vimekauka. Hubaki wale wavumilivu: bamia, mrehani, na mchicha, ambao haulalamiki kwa joto.

Wahamiaji nao wameacha alama zao katika bustani za eneo hilo. Katika nchi jirani ya Oman, ambako familia nyingi zilitoka Zanzibar, baadhi baada ya mapinduzi ya 1964 na wengi zaidi baada ya kurejea kualikwa kuanzia 1970, muhogo hupikwa na kuuzwa kwa jina lake la Kiswahili, na papai huitwa fifai, jina ambalo sikio la Mswahili halikosi kulitambua. Mti na jina lake husafiri pamoja, na mara nyingi jina huishi kuliko kumbukumbu ya aliyeuleta.

Mwenye jembe

Hata hivyo bustani nyingi za majumba makubwa ya Doha na Lusail hazipaliliwi na wenyewe. Hupaliliwa na wafanyakazi wa kigeni, wengi wao kutoka Asia Kusini. Vijana wa Kenya na Uganda, ambao maelfu yao wamekwenda Qatar kuwa walinzi, madereva na wafanyakazi wa nyumbani, wanawajua vizuri, kwani hupishana nao getini.

Agosti 2017, miezi miwili tu baada ya mpaka kufungwa na thamani ya bustani kuonekana na wote, Qatar ilitoa sheria namba 15 ya wafanyakazi wa nyumbani. Ilikuwa sheria ya kwanza nchini humo kwa kundi hilo, na inamtaja mtunza bustani kwa jina, pamoja na dereva, yaya na mpishi. Inaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku, siku ya mapumziko kila wiki, na likizo ya wiki 3 kwa mwaka. Kuanzia Machi 2021 ukaanza pia kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi, kinachowahusu wafanyakazi wa nyumbani nao. Mashirika ya kutetea haki za binadamu, yakiwemo Human Rights Watch na Amnesty International, yameeleza mara kwa mara kwamba utekelezaji uko nyuma ya maandishi. Mshahara hucheleweshwa, siku ya mapumziko husahauliwa, pasipoti hushikiliwa.

Si haki kuufananisha mkataba wa kazi na utumwa, na wazee walioandikiwa hati zao za uhuru wangekuwa wa kwanza kuieleza tofauti hiyo. Mtunza bustani wa leo ana mshahara, ana simu, ana tarehe ya kurudi kwao. Lakini kipimo cha kuitazama bustani hakijabadilika. Anayetaka kujua hali ya nchi aangalie ni nani anayemwagilia, analipwa nini, na akimaliza anapumzika wapi.

Wahenga wa pwani walisema mchumia juani hulia kivulini. Walimaanisha kwamba taabu ina malipo. Historia ya bustani za Ghuba inaonyesha kuwa kwa muda mrefu wachumao juani walikuwa wengine, na walao kivulini wengine. Pengine ndiyo sababu bustani ndogo ya vyungu, inayopandwa na kumwagiliwa na yuleyule atakayekula, ina heshima yake hata kama mavuno yake hayazidi sahani moja ya kachumbari. Katika roshani ya Lusail, mwezi wa Januari, mtu huchuma nyanya alizozimwagilia mwenyewe tangu Oktoba, akazikata, akaongeza kotimiri na ndimu, akampelekea na jirani. Aliyechuma na anayekula ni mtu mmoja, na kivuli anachokalia ni chake.